Mkalimani Aliyekalia Mikono

Winfred alirudi nyumbani Butere mwezi wa pili, ndani ya sanduku, lakini simu yake ilibaki Jeddah. Miezi mitano baadaye ilikuwa bado iko huko, kwenye droo ya nyumba moja ya mtaa wa Ruwais, na dada yake Risper, aliyekuwa kazini Riyadh, alikuwa ameiomba mpaka amechoka kusikia sauti yake mwenyewe ikiomba.

Si kwamba simu ilikuwa ya maana. Kioo kilikuwa na ufa, na kitufe cha pembeni kilibonyezwa kwa kucha. Risper alichotaka ni video moja tu iliyokuwa ndani yake. Winfred aliirekodi juma lile aliloumwa kichwa, hakuwahi kuituma, na mama yao alikuwa akiisubiri.

Mama hasikii tangu homa ya utotoni. Kila Risper alipompigia simu ya video, kabla ya kuulizana habari ya kazi au ya afya, Mama alishika bakuli lisilokuwapo kwa mikono miwili, akaliweka mbele yake taratibu kama lina mchuzi moto, kisha akafungua viganja. La nani?

"Bado," Risper alijibu kwa ishara. "Ngoja kidogo."

"Unaniambia ngoja tangu mahindi yapandwe," Mama alijibu. "Sasa yamebeba."

Mambo yenyewe yalianza na katuni. Ni ya Kijapani, zile wanazoziita anime, na ilitolewa kwenye vitabu vya picha. Inahusu mama mmoja aitwaye Sayo, mwenye hoteli ndogo ya chakula kwenye kituo cha treni. Kila siku anapika, anapakulia abiria, na kila siku anaweka bakuli moja mwisho wa meza ambalo haliliwi na mtu. Vitabu havisemi ni la nani. Lakini waliotengeneza katuni walipofika sehemu ya kumi na mbili waliingiza jambo lao ambalo halimo vitabuni. Walimtoa Sayo jikoni na aproni yake wakamkalisha kwenye kipindi cha mahojiano cha televisheni, ili wavicheke vipindi vya kwao. Ilikuwa vurugu tupu. Mtangazaji alikuwa na tai ya kipepeo na fimbo ya kuonyeshea. Wageni wanne walipigia makofi kila kitu, hata Sayo alipokohoa. Maandishi makubwa ya rangi yalidondoka juu ya vichwa vya watu. Waliletewa kipande cha figili, wakakionja, wakalia machozi kwa utamu. Na kwenye kona ya juu ya skrini kulikuwa na kisanduku chenye uso wa mwanamume mmoja aliyekodoa macho.

Siku ambayo Winfred aliiona mara ya kwanza alikuwa akipiga pasi sebuleni Ruwais, na wasichana wa nyumba ile wamejilaza kwenye zulia wakitazama. Hakumaliza hata shati moja. Alimtumia Risper ujumbe wa sauti hapo hapo.

"Risper, skiza hii maajabu. Wajapani wameweka mkalimani wa viziwi kwenye kona, vile tu habari za saa moja za kwetu. Sasa mtu mwenyewe ameikalia mikono! Ameikalia kabisa! Anakodoa macho tu, anasema 'eeeeh!' Hao viziwi wao wataelewa nini? Watakodolewa macho mpaka lini? Huyo angekuwa kwetu Mama angemwandikia barua."

Risper alicheka mpaka madam wake akaja kuchungulia jikoni. Alimwelewa dada yake bila maelezo. Nyumbani kwao kisanduku cha kona ya televisheni kilikuwa cha Mama. Habari zikianza, kiti chake kilisogezwa karibu upande wa kona ile, na wengine wakatazama picha kubwa iliyobaki. Haikuwaingia akilini, yeye wala Winfred, kwamba kona ile ingeweza kukaliwa na mtu mwingine asiye mkalimani.

Zilipita siku mbili ndipo wasichana wa Ruwais walipomfungua macho Winfred. Yule si mkalimani. Ni mgeni wa kipindi kama wale wengine, na kazi yake ni kushangaa, ili watazamaji wajue wapi pa kushangaa.

"Kumbe analipwa kushangaa," Winfred alimwambia dada yake. "Basi hiyo kona iko wazi. Naichukua mimi."

Na aliichukua. Alipata programu ya simu inayomweka mtu juu ya video, akamfunika yule bwana wa macho kwa uso wake mwenyewe, akamtafsiria Mama kipindi chote kwa mikono. Mtangazaji alimfanya kwa kidevu juu na vidole viwili vikinyoosha tai. Wageni wanne alikuwa yeye mmoja akihamahama ndani ya kile kisanduku, akipiga makofi huku na huku kama kanisa limeshikwa na roho. Aliituma vipande vipande, kwa sababu mtandao wa Butere hubeba kidogo kidogo. Mama alivitazama vipande vile mpaka akavikariri. Aliwaonyesha majirani.

Kipande cha tatu ndicho kilichokuwa na swali. Mtangazaji aliinamisha fimbo na kuuliza: Mama Sayo, lile bakuli ni la nani? Studio ikanyamaza. Sayo akafungua mdomo. Papo hapo yakaingia matangazo ya biashara, ya ndara. Ndara za plastiki, nyekundu na kijani, zinatembea zenyewe. Yalipoisha, kipindi kikarudi nyuma, swali likaulizwa upya kana kwamba halijaulizwa, Sayo akafungua mdomo, na ndara zikaja tena. Mara ya tatu vivyo hivyo. Kipande kilikatikia hapo, Winfred kwenye kona akipiga kiganja juu ya kiganja kuonyesha ndara, uso umenuna kwa hasira za kuigiza. Kisha akamwinulia Mama mkono mmoja. Ngoja. Kesho.

Kesho yake kichwa kilianza. Alimwandikia Risper kwamba mwisho ameshaurekodi, atautuma kichwa kikipoa. Siku ya nne Risper alipigiwa simu na watu wa hospitali.

Hakwenda kuzika. Mkataba ulikuwa umebakiza mwaka na ikama, kibali chake cha kuishi, ilikuwa kwenye kufanywa upya, na hadi karatasi zikae sawa kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Alichopata ni picha za mazishi kwenye simu, na Mama mstari wa mbele, amekaa wima, akitazama midomo ya mhubiri ambaye hakuna aliyekuwa akimtafsiria. Mtafsiri wa nyumba ile alikuwa ndiye anayezikwa.

Hapo ndipo palipomuuma Risper kuliko pote, kwa sababu hata angekuwapo asingefaa. Mikono yake ilikuwa mizito. Alipokuwa darasa la tano, Mama alikuja shuleni kumletea sweta, akamwita kwa ishara mbele ya wenzake, na Risper akaficha mikono nyuma ya mgongo akajifanya haelewi. Watoto wote kule kwao Mama aliwapa majina ya ishara. Winfred alikuwa kidole kinachozama shavuni, penye kishimo chake. Tangu siku ile ya sweta, Risper akawa mkono uliofichwa nyuma ya mgongo. Mama hakulifanya jina hilo kwa uchungu. Alilifanya kama mtu anavyomwita mrefu Mrefu. Lakini lilikaa.

Kwa hiyo aliitafuta ile simu.

Kwanza alimtuma Griffins, kijana wa Butere anayelinda ghala na kuishi mtaa wa Karantina, huko huko Jeddah. Griffins alikwenda Ruwais mara mbili. "Huyo madam si mbaya," aliripoti, "lakini anasema hawezi kumpa mwanamume asiyemjua simu ya msichana wa watu. Anataka mwanamke wa damu." Risper hakuwa na la kubisha. Hata yeye asingempa.

Akapiga kwa wakala wao Nairobi. Akapokea binti aitwaye Velma, mwenye sauti laini kama anayebembeleza mtoto.

"Pole sana, mami. Hiyo inashughulikiwa na ofisi ya Jeddah."

Ofisi ya Jeddah ikasema andika barua. Akaandika. Ikasema barua ipitie Nairobi. Velma akasema, "Pole sana, mami, barua tumeiona, sasa tunangoja Jeddah." Risper akajaribu kumpigia yule madam wa Ruwais mwenyewe, Umm Rimas, na yeye kila mara alijibu kwa upole na kwa sauti ya haraka: bukra, inshallah, bukra. Kesho, Mungu akipenda.

"Bukra yao ni ndara," Risper alimwambia Gilbert, dereva wa nyumba aliyofanyia kazi, Mkenya mwenzake wa Kitui. "Unafungua mdomo, ndara. Unafungua tena, ndara."

"Ndara gani sasa?" Gilbert alishangaa.

"Achana nayo. Hungeelewa."

Mwezi wa saba bahati ilipita karibu. Familia ilikuwa inakwenda Jeddah kwenye harusi, siku nne, na madam akasema Risper aje kusaidia. Binti mkubwa wa nyumba, Lujain, mwanafunzi wa chuo kikuu, ndiye aliyemsemea kwa mama yake apewe saa moja ya kwenda Ruwais. Lujain alikuwa amesoma vile vitabu vya Sayo vyote. Alikuwa na picha ya Sayo kwenye mfuko wake wa laptopu, na kwa sababu hiyo Risper hakuwa amewahi kumwambia habari za video. Aliona ni kitu chao wawili, yeye na Winfred, na hakutaka mtu aje kukisahihisha.

Siku ya kwanza Jeddah, Umm Rimas alikuwa amelala. Siku ya pili alikuwa amekwenda Makkah kufanya umra. Siku ya tatu ilikuwa ya harusi yenyewe. Risper alipiga pasi magauni kumi na mawili akitazama saa ya ukutani, na joto la pwani lilimshika kooni, kwa maana Riyadh jua ni kali lakini ni kavu, na hapa ulikuwa kama unapumua ndani ya sufuria. Siku ya nne, wakati wameshaanza kufunga masanduku ya kurudi, simu ikalia.

"Njoo baada ya sala ya Alasiri," Umm Rimas alisema. "Nakungoja."

Gilbert aliwapeleka. Lujain alikaa nyuma, Risper mbele na kitambaa mkononi cha kuifungia simu.

"Ukiipata, usiifungue kwa gari," Gilbert alimwambia kwa Kiswahili. "Utanililia hapa na mimi silii vizuri nikiendesha."

"Endesha wewe."

"Naendesha. Nasema tu."

Umm Rimas aliwapokea mlangoni mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho ya mtu anayelia upesi, na alimkumbatia Risper kabla ya salamu kwisha. Aliwawekea kahawa na tende. Alisema Wini alikuwa kama binti yake, alisema watoto bado wanakwenda jikoni kumwita wakisahau, na machozi yakamtoka kweli. Risper aliona si ya bure. Kisha akaingia ndani, akarudi na kiboksi kidogo chenye utepe mweupe.

Simu ilikuwa ndani. Kioo kilikuwa kipya, kitufe cha pembeni kimetengenezwa, na betri imejaa. Risper aliiwasha. Ikamuuliza anataka kutumia lugha gani.

Hakuelewa. Aliibonyeza, ikamuuliza yuko nchi gani. Akaibonyeza tena, ikamtaka aweke jina lake kama mmiliki.

"Picha ziko wapi?" aliuliza.

"Halas, tayari, nimeisafisha," Umm Rimas alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya wema. "Kila kitu. Nilimpa fundi. Nimeirudisha mpya, ikae vizuri na wewe."

"Video?"

"Mafi. Hakuna kitu. Unajua, binti yangu, hapa ndani kuna wasichana. Mara nyingine Wini alikuwa anarekodi, na wao wako nyuma bila mitandio. Simu kutoka nje ya nyumba na picha za wasichana, haiwezekani. Kwa hiyo nimeisafisha kwa heshima yake na yetu."

Risper alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya miezi mitano, ya Kiarabu cha jikoni, ya Kiswahili, ya Kiwanga cha nyumbani, na yote yaligombania mlango mmoja. Angependa yule mama awe mwovu. Mwovu angetukanwa. Lakini alikuwa amekaa pale ameshika kikombe cha kahawa, ameweka kioo kipya, amefunga utepe, na Risper mwenyewe angekuwa na binti angefanya hivyo hivyo.

"Lini?" hatimaye aliuliza. "Umeisafisha lini?"

"Jana. Nilipojua unakuja."

Jana! Miezi mitano video ilikuwa imo kwenye droo, nzima nzima, na ile bukra ya mwisho ndiyo iliyoimaliza. Risper alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Lujain akamshika mkono.

Ilikuwa wakati wanavaa viatu ndipo Rimas, binti mkubwa wa pale, alipotoka chumbani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile Wini alipoanza kuumwa alimwona kwenye chumba cha kufulia. Mlango ulikuwa wa kioo chenye ukungu. Aliona mikono yake tu, inapanda na kushuka.

"Alifanya muda mrefu," alisema. "Na alikuwa anacheka peke yake. Nilimuuliza unacheka nini, akaniambia huu mwisho ni wa mama yangu kabisa."

Garini Risper alimweleza Lujain kila kitu, na alieleza vibaya, kwa hasira, akiruka kutoka ndara kwenda kwenye sweta. Lujain alisikiliza. Kisha akatoa simu yake, akaitafuta sehemu ya kumi na mbili, akaipeleka mbele mpaka karibu na mwisho.

"Tazama mwenyewe," alisema. "Mwisho upo. Si lazima uwe kwenye ile simu."

Risper alitazama, Gilbert akipunguza mwendo bila kuambiwa. Swali liliulizwa mara ya nne. Hakukuja ndara. Mtangazaji alishusha fimbo, wageni wanne walitulia, hata yule wa kwenye kona akafumba macho. Sayo akaanza kusema. Na sauti yake ikakatwa. Ulipigwa wimbo wa kufungia kipindi, majina ya watengenezaji yakaanza kupanda, na nyuma ya majina mdomo wa Sayo ukaendelea kwenda, unasema, unasema, anafuta jicho kwa aproni, anasema tena. Wageni wanalia. Mtangazaji amefunika uso. Wote mle studio wanasikia. Skrini ikawa nyeusi.

"Iko wapi iliyobaki?"

"Imeisha."

"Amesema nini?"

"Haijulikani, Risba." Lujain hakuweza kutamka p. "Ndio mzaha wenyewe. Vipindi vya kule vinakuvuta hivyo, baada ya matangazo, baada ya matangazo, halafu muda unaisha na majina yanapita juu ya jambo lenyewe. Wamewacheka. Watu wamebishana mwaka mzima kuhusu bakuli."

"Mzaha," Risper alisema.

"Ni mzaha mzuri, ukiufikiria."

"Wewe ufikirie. Mimi nimefanya kazi ya kuufikiria miezi mitano. Mama yangu anaweka bakuli kila siku mbele ya simu, ananiuliza la nani, na mimi namwambia ngoja. Nimempigia Velma. Nimeandika barua mbili. Nimemtuma mtu kutoka Karantina juani. Kumbe hakuna kitu! Watu wazima wamekaa wakachora mwanamke, wakamfungua mdomo, wakamzima! Na mnacheka?"

Gilbert alikohoa, akasema kwa Kiswahili, "Sasa ndara nimezielewa," na Risper akamwambia anyamaze.

Asubuhi yake, siku ya kuondoka, saa tatu hivi, wenye nyumba walikuwa bado wamelala uchovu wa harusi. Risper aliingia chumba cha kufulia cha nyumba waliyopanga kwa siku za harusi, akafunga mlango. Alipanga pakiti mbili za sabuni ya unga juu ya mashine, akaegemeza simu ya Winfred. Aliijibu maswali yake. Lugha, Kiswahili. Nchi. Jina la mmiliki, aliandika Winfred, akaliacha.

Alikuwa amekusudia kumwambia Mama ukweli kwa kifupi: imefutwa, hakuna mwisho, tuache. Lakini alipoinua mikono aliona haiwezekani kusema kifupi. Mama angeuliza mwisho wa nini, umefutwaje, na angerudi kwenye bakuli. Hapakuwa na njia ila kukaa kwenye kona na kulifanya jambo lote.

Alichukua simu yake mwenyewe, akafungua kipande cha tatu, akamtazama Winfred. Hakuwa amekifungua tangu mwezi wa pili. Alimtazama anavyonyoosha tai, akasimamisha, akaiga. Alimtazama anavyopiga ndara, kiganja juu ya kiganja, mara mbili, cha chini kikitangulia kuondoka kama mguu unaotembea. Akasimamisha, akaiga, akakosea. Akarudisha. Jasho lilimtiririka. Vidole vyake vilikuwa kama vya mtu aliyevaa glavu za kuoshea vyombo. Alimkasirikia Winfred kwa wepesi wake, akamkasirikia kwa kucheka peke yake nyuma ya kioo bila kumwambia mtu anacheka nini, akamkasirikia kwa kuinua ule mkono, ngoja, kesho, kama mtu mwenye kesho. Mara ya saba au ya nane alibonyeza kurekodi.

Alimfanya mtangazaji. Aliuliza swali. Aliweka bakuli. Alifungua mdomo, akapiga ndara. Tena, na tena. Kisha akafika pale asipokuwa na mwalimu.

Anasema, alionyesha. Mdomo unakwenda. Anasema, analia, anasema. Wimbo umefunika. Hatusikii. Alijionyesha kifuani, akaonyesha masikio yake mawili, akatikisa mkono. Mimi sisikii. Mwenye nyumba hasikii. Wenye masikio wote, dunia nzima, hakuna anayesikia. Imeisha hivyo. Winfred alikufanyia mwisho wake, nao ukafutwa. Mimi siujui. Nisamehe, Mama.

Akaituma kabla hajajionea aibu.

Jibu lilikuja wakati anaosha vikombe vya kahawa. Alijipangusa mikono, akarudi kufulia, akafunga mlango.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni, na alikuwa anacheka. Kilikuwa kile kicheko chake kikubwa asichokisikia mwenyewe, ambacho kilimfanya Risper wa zamani ainamie chini ya benchi la kanisa. Alicheka akipiga paja, akajaribu kuanza kusema, mikono ikamshinda kwa kicheko.

"Wote?" aliuliza hatimaye. "Wenye masikio wote? Midomo inakwenda na hawasikii?" Alifuta macho. "Vizuri. Wakae hivyo kidogo, waone."

Risper alikaa juu ya kapu la nguo.

Mama aliinuka na simu. Picha iliyumba, ikaonyesha ukuta, mguu wa kuku, moshi. Ikatulia kwenye rafu ya vyombo. Kati ya vikombe vya udongo kulikuwa na kikombe cha plastiki cha bluu, cha Winfred tangu chekechea, kimegeuzwa chini juu, na maji ya kuoshwa bado yanakitiririka. Alikishikia simu pale kwa muda, kisha akarudi mlangoni akaketi, akaiegemeza simu mahali.

Uso wake ulikuwa umebadilika. Sasa ulikuwa ule uso wa kukagua daftari la shule.

"Lakini ndara," alisema. "Ndara umeziharibu. Mkono wa kushoto umetoka nje ya sanduku, nikaona mkono mmoja tu unapiga hewa. Majirani wameniuliza huyo anafukuza nzi? Na mtangazaji umemfanya mwenye shingo fupi. Rudia. Yote, tangu swali."

Akapeleka mkono wake nyuma ya mgongo, jina la Risper, akamalizia video.

"Risba!" madam aliita kutoka sebuleni. "Yalla, masanduku!"

"Nakuja, madam," Risper alijibu. "Dakika tano."

Aliisogeza ile pakiti ya sabuni nyuma, shubiri moja. Akabonyeza, akarudi mahali pake, akainua mikono yote miwili kifuani, akaangalia kwenye kioo kama yote miwili imo.